Shamba la Jirani Aliyeondolewa



Somo: 1 Wafalme 21

Sote tunamjua Nabothi na shamba lake la mizabibu. Tunachosahau ni kwamba alinyang'anywa kwa utaratibu: barua ziliandikwa, wazee waliketi, mashahidi wakasimama, hukumu ikatolewa. Kwa nje, kila kitu kilikuwa halali. Basi tujiulize: mtu akipata mali kwa njia ambayo sheria inaikubali, je, anaweza bado kuwa amemwibia jirani yake?

Nchi hii tunamoishi ina mfano wake, na huo nao ni wa mizabibu. Wajapani waliokuja California walianza kama vibarua, wakakodi mashamba, kisha wakanunua. Sheria haikuwaruhusu kuwa raia, na mwaka 1913 jimbo likawakataza kumiliki ardhi wageni wasioweza kupata uraia. Wengine waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa hapa. Sisi ambao watoto wetu ndio wanaotusomea barua za ofisini tunaelewa jambo hilo.

Tarehe 19 Februari 1942, wakati wa vita na Japani, Rais Roosevelt alisaini amri iliyofungua njia ya kuwaondoa pwani ya magharibi. Watu wapatao 120,000 walipelekwa kambini, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani. Walipewa siku chache, wakachukua walichoweza kubeba. Majirani wakaja kununua malori, matrekta na friji kwa bei ya kutupa. Wanunuzi hao hawakuvunja mlango. Pesa zililipwa mkononi.

Lakini pale Florin, karibu na Sacramento, Bob Fletcher, mkaguzi wa mazao wa serikali, aliacha kazi akatunza mashamba ya zabibu ya familia tatu za Kijapani. Alilipa kodi na madeni ya mashamba hayo. Alilala katika banda la vibarua, ingawa nyumba ya wenyewe ilikuwa tupu. Alitukanwa, na risasi ikapigwa ghalani. Walikuwa wamekubaliana achukue faida yote. Yeye alichukua nusu. Waliporudi mwaka 1945, walikuta mashamba yao yapo, na fedha zao ziko benki. Wengi wa wenzao walirudi wakakuta hawana kitu.

Mtu atasema, "Nisingenunua mimi, angenunua mwingine. Tena muuzaji alihitaji pesa." Ni kweli, alizihitaji, na kununua si dhambi. Tatizo ni bei. Mapatano ya haki yanataka watu wawili ambao kila mmoja anaweza kukataa. Anayetakiwa awe ameondoka Jumamosi hawezi kukataa. Ile tofauti kati ya thamani ya kitu na pesa aliyopewa bado ni yake. Tukiiweka mfukoni, tumeweka amana ya mtu.

Mwaka 1988 serikali iliomba radhi na kuwalipa waliokuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja. Lakini sheria ile haikumgusa jirani aliyenunua trekta. Deni lake lilibaki kati yake na Mungu.

Nasi tujichunguze. Ndugu akipata barua ya kuondoka nchini, au msiba ukimrudisha nyumbani ghafla, ujumbe huzunguka kwenye simu zetu: gari linauzwa, makochi, friji, haraka. Mara ngapi tumefurahi kwamba tumepata kwa bei rahisi? Si wote tunaoweza kuacha kazi kama Fletcher; tuna kodi za nyumba na watu wanaotutegemea. Lakini tunaweza kulipa bei ya haki, hata kidogo kidogo. Tunaweza kumuuzia bila haraka na kumtumia fedha zake. Tunaweza kumtunzia funguo.

Wiki hii tusali tukiwakumbuka walioondoka kati yetu. Na kama kuna kitu chao nyumbani kwetu tulichokipata kirahisi mno, tuwapigie simu.

Mungu awabariki.