Mpaka wa Uso ni Wapi?

  

Ndugu msomaji, mtoto wa chuoni hapa kwetu Vigwaza akiulizwa nguzo za udhu hujibu upesi kwamba ya pili ni kuosha uso, na kwamba uso kwa urefu waanzia pale zinapoota nywele za kichwa mpaka chini ya kidevu, na kwa upana ni baina ya sikio na sikio. Lakini akiulizwa, "Na mwenye upara je, aoshe mpaka utosini?" hapo hunyamaza. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii walikwisha kulijibu jambo hili zamani. Wamesema kwamba mpaka ni pale zinapoota nywele kwa desturi ya watu wengi. Basi mwenye upara halazimiki kuosha upara wake, na yule ambaye nywele zimemshukia juu ya paji hana budi kupaosha, kwani hapo ni usoni. Panja mbili nazo ni za kichwa.

Tazama hekima iliyomo. Sharia haikufuata kioo cha kila mtu. Imeweka kipimo kimoja, na mwenye paji fupi na mwenye paji refu wote ni wazima mbele yake.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi mpaka huo wahamishwa kwa kisu. Upo upasuaji wa kuinua paji na nyusi zilizolegea. Si jambo la jana: daktari Passot wa Paris aliuandika mwaka 1919. Njia ya kale ni kupasua ngozi ya kichwa toka sikio hadi sikio, nyuma ya mwanzo wa nywele, kulivuta paji juu, kisha kukata ukanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 1 au 2. Kovu hufichwa na nywele, lakini nywele zenyewe hurudi nyuma na paji huwa refu zaidi. Kwa hiyo madaktari hawampendekezei njia hii mtu ambaye paji lake tayari ni refu. Huyo hupasuliwa pale pale nywele zinapoanza, na ngozi inayokatwa ni ya paji. Nywele hazipandi, na pengine hushushwa. Lakini kovu lake hukaa mbele ya macho ya watu, na ngozi nyeusi kama zetu ni wepesi wa makovu yanayovimba. Njia ya tatu, iliyoenea tangu miaka ya 1990, ni matundu madogo matatu hadi matano ndani ya nywele na kamera ndogo. Hiyo husogeza nywele kidogo tu. Katika zote huweza kutokea ganzi ya utosi, au nywele kunyonyoka palipopasuliwa.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Muhimbili, katika hospitali yake ya Mloganzila, ilianza mwaka 2023 kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbo. Kutoka hapa Vigwaza ni kushika barabara ya Morogoro, ukapita Mlandizi na Kibaha, umekaribia. Basi yatupasa kulijua jambo kabla halijabisha hodi nyumbani.

Je, lafaa? Jibu lategemea linalotafutwa. Tuseme yuko bibi ambaye nyusi zimemwangukia hata zinaziba macho, haoni juu mpaka ainue kichwa. Au yuko kijana aliyeungua moto, ngozi ya paji ikajikunja. Hawa wanatafuta tiba. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahilia, akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, na hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kumrudishia mtu alichopoteza si kuchezea maumbile.

Lakini yuko mwingine ambaye macho yake yaona, paji lake halina dosari, naye ataka tu lisionekane lina miaka 60. Na yuko binti wa miaka 20 anayetaka paji la mtu aliyemwona katika simu. Hapa ndipo penye hofu. Katika hadithi ya Ibn Masud (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja miili chale za rangi, wanaonyonyoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadili umbo la Mwenyezi Mungu. Na Mtume (S.A.W.) alipohimiza watu wajitibu, alieleza kwamba kila maradhi yana dawa ila moja, nalo ni uzee. Anayekwenda kupasuliwa ili aufute uzee anatafuta dawa ya kile tulichokwisha kuambiwa hakina dawa. Ngozi itavutwa, na baada ya miaka italegea tena.

Atasema mtu: "Mbona twapaka hina na wanja, na dini yapenda uzuri?" Kweli, yapenda. Lakini hina na wanja ni pambo juu ya umbo. Kisu hukata kiungo kizima na kukitia hatarini pasipo haja. Atasema tena: "Na huzuni ya moyo je, si maradhi?" Swali hili ni zito, wala silidharau. Lakini tuulize huzuni hiyo imetoka wapi. Watoto wetu wamwita mwenzao "komwe" kwa sababu ya paji lake, nasi wazazi twacheka. Mume amwambia mkewe, mbele ya watu, kwamba amezeeka. Sura ya Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Tunamchoma mwenzetu kwa ulimi miaka 20, kisha akienda kwa mpasuaji twamsomea hadithi. Dhambi hiyo haiwezi kuwa yake peke yake.

Na tuangalie mikono yetu pia. Msusi akivuta nywele za binti kwa nguvu, wiki baada ya wiki, mizizi hudhoofika, nywele za mbele na za panja hunyonyoka, na zikizidi kuvutwa haziroti tena. Huo nao ni mpaka uliohamishwa, bila daktari na bila hiari ya mtoto. Mama, mwambie msusi alegeze. Kichwa cha mwanao ni amana.

Ama aliyekwisha kupasuliwa, tusimfukuze. Udhu wake hauna taabu: kipimo ni kile kile cha desturi ya watu. Nywele zikirudishwa nyuma, huosha mpaka wa kawaida. Zikishushwa kwenye paji, hupaosha. Kama alifanya lisilofaa, atubu, na mlango u wazi. Halazimiki kujipasua tena.

Paji ni kiungo cha kwanza katika vile saba tunavyosujudia. Likiwa refu au fupi, lenye makunyanzi au laini, lafika chini vile vile. Tuwafundishe watoto wetu kuliheshimu la wenzao, na huenda wengi hawatakihitaji kisu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.