Nondo Asiyekula

Asubuhi moja huko Mgwashi, katika milima ya Usambara, tulipotoka Misani tulimkuta nondo mkubwa ametulia ukutani. Mabawa yake ya hudhurungi, yakikunjuliwa, yalipita upana wa kiganja changu. Na kila bawa la nyuma lilikuwa na doa la rangi ya chungwa, mfano wa jicho. Mtoto mmoja akavua kiatu ampige, asije akatula nguo. Nikamzuia.

Nondo yule, ambaye wataalamu humwita Bunaea alcinoe, hagusi nguo, wala chakula chochote. Hana kinywa cha kulia. Alipokuwa kiwavi alikula majani, akanenepa, kisha akajifukia udongoni. Siku alipotoka na mabawa, wakati wa kula ulikuwa umekwisha pita. Huishi siku chache tu kwa akiba ile ya kwanza, naye huitumia yote katika kuzaa.

Enyi wazazi, watoto wenu wana akiba gani? Wangali nyumbani, hulishwa sala, ukweli na huruma mezani penu. Kesho watapata mabawa na kuruka kwenda mjini, ambako hakuna mama wa kuwakumbusha. Neema ya Mungu haina mlango uliofungwa. Lakini moyo wa mtu mzima si mwepesi kufunguka kama wa mtoto. Anayengoja mabawa yaote ndipo aanze kulisha, amejitakia kazi ngumu. Basi, tuwalishe leo.