Thamani ya Jino la Kale

Msomaji, kila aendaye sokoni ni mwamuzi. Hapa Kenol, njia ya Nairobi inapopanda kuelekea Nyeri na Mlima Kenya, mnunuzi wa nanasi hulinusa, hulibonyeza na kulipima mkononi, ndipo akatoa fedha. Hakuna amwitaye mkorofi kwa hadhari hiyo, maana fedha ni jasho, na jasho halimwagwi ovyo. Lakini ziko bidhaa ambazo jicho halijazizoea. Mojawapo ni jino la dinosau lililogeuka jiwe, ambalo katika zama zetu hununuliwa na kuuzwa kama kito. Nimelichagua kuwa mfano kwa sababu humlazimisha mtu kuuliza maswali mawili, na wengi huuliza moja tu.

Swali la kwanza ni hili: je, jino hili ni la kweli? Anza na mahali. Dinosau walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na Mlima Kenya ni volkeno iliyoanza kutoka moto yapata miaka milioni 3 iliyopita. Basi mtu akikuapia kuwa amelichimbua katika udongo uliozaliwa na mawe ya mlima huu, mlima wenyewe unamkanusha.

Kisha tazama umbo. Meno ya wengi wa dinosau wala nyama yamebapa kama kisu, yamepinda kwa nyuma, na makali yake yana chembe za msumeno. La Spinosaurus wa Moroko ni la mviringo lenye mistari ya urefu, na ni rahisi kulidhania la mamba. Chukua kioo cha kukuzia ufuate nyufa. Ufa wa asili huendelea na safari yake. Ukikoma ghafla, rangi ikabadilika, na mchanga ukawa umeganda mahali hapo tu, shuku gundi. Huko Moroko vipande vya meno mbalimbali huungwa vikauzwa kuwa jino moja. Viputo vya hewa ni dalili ya kitu kilichomiminwa katika kalibu. Wala kukosa mzizi si aibu ya jino, kwani dinosau waliangusha meno na kuota mengine maisha yao yote.

Hata hivyo, kioo hakimfai mtu ambaye moyo wake umekwisha kuamua. Mwaka 1912 wataalamu wa Uingereza walionyeshwa fuvu na taya kutoka Piltdown, wakaambiwa kuwa ni za binadamu wa kale. Wengi waliamini, kwa kuwa walitamani iwe hivyo. Hadi mwaka 1953 ndipo ilipothibitishwa kuwa taya lilikuwa la nyani mkubwa, limetiwa rangi, na meno yake yamekwanguliwa kwa tupa. Mikwaruzo ilikuwapo miaka yote 41. Macho yalikuwapo pia. Kilichokosekana ni nia ya kutazama.

Swali la pili ni zito zaidi: je, jino hili ni halali? Hapa pana jambo la ajabu. Jino la uongo humwibia mtu mmoja, naye ni mnunuzi. Jino la kweli lililochukuliwa kwa siri huwaibia wengi wasiojua hata kuwa wameibiwa. Kadiri jino lilivyo la kweli, ndivyo swali la pili linavyozidi uzito. Katika Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 imeweka masalia ya kale yaliyomo ardhini kuwa mali ya Serikali, na kuyatoa nchini kunataka kibali. Nchi nyingine zina desturi nyingine: Marekani, kisukuku kilichomo katika shamba la mtu ni mali yake, naye aweza kukiuza. Kwa hiyo si kila ununuzi ni dhambi. Lakini kila ununuzi unadai cheti cha asili.

Utasema, “Nisiponunua mimi, atanunua mwingine; au mvua italivunja.” Ni kweli kwamba mvua huvunja, na mwenye kuliokota jino huenda akaliokoa. Lakini kuokoa si kuuza. Aliyeokota aweza kuwaarifu watu wa makumbusho, wakaja kuandika tabaka la mwamba lilimotoka. Jino lisilo na habari za mahali pake ni neno lililokatwa katika sentensi: lasomeka, lakini halisemi kitu.

Tazama Tendaguru, katika Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, wachukuzi walibeba vichwani zaidi ya tani 200 za mifupa hadi pwani, ikasafirishwa kwenda Berlin. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikumbukwa katika jina la dinosau, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Mifupa ile ni ya kweli kabisa, na tena mahali pake paliandikwa. Ila mpaka leo watu wanauliza ilikuwa haki ya nani kuichukua. Ukweli wa kitu haukujibu swali la haki yake.

Basi, msomaji, jifunze kupima kabla ya kununua, iwe jino, shamba, au sifa unayopewa bure. Uliza kama ni kweli, ili usidhulumiwe. Uliza kama ni halali, ili usidhulumu. Swali la kwanza hulinda mfuko, na la pili hulinda utu. Na mfuko uliotoboka hushonwa.