Jina Limo Daftarini, Mwenyewe Hayupo

Nchini India kanuni za mafunzo ya udaktari zadai ya kwamba mwanafunzi ahudhurie walau asilimia 75 ya masomo ya darasani na asilimia 80 ya mafunzo ya vitendo kabla ya kuruhusiwa kuingia katika mtihani. Somo la maradhi ya macho limo katika sheria hiyo. Wako vijana wanung'unikao, wala si wajinga: "Ikiwa majibu nayajua, siku zangu zahesabiwa za nini? Nipimwe kwa mtihani, si kwa daftari la mahudhurio." Yafaa tulipime neno hili kwa haki.

Twakubali ya kwamba kukaa kitini siko kujifunza. Yuko ahudhuriaye kila siku asiambulie kitu. Kama kazi ya daktari ingekuwa kutaja majina ya maradhi tu, hoja ya vijana hao ingeshinda.

Lakini sivyo. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kitabu chaweza kukieleza kifaa hicho; hakiwezi kumpa mtu ustadi wa kukitumia. Mwanafunzi huupata kwa kutazama mgonjwa baada ya mgonjwa, mwalimu akiwa karibu kumsahihisha. Mtihani wa siku moja hauwezi kumwonyesha yote atakayokutana nayo.

Tufikiri mtoto mchanga. Mboni yenye afya ikimulikwa kwa kifaa hicho hurudisha wekundu. Ikirudisha weupe, huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani iwezayo kuua. Glaukoma nayo mara nyingi huharibu mshipa wa jicho pasipo maumivu, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Mama aliyempakata mwanawe hana njia ya kujua kama daktari aliye mbele yake alikuwapo siku mambo hayo yalipofundishwa. Hana budi kuamini. Kanuni ya mahudhurio imewekwa kwa ajili yake huyo.

Basi, tuseme nini juu ya wanafunzi waandikianao majina daftarini? Wao huuita wema wa kirafiki. Sisi twauita ushuhuda wa uongo, na adhurikaye si mwalimu, bali mgonjwa wa miaka ijayo, ambaye hayupo kujitetea. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hapa la mgonjwa ndilo lisilokuwapo.

Haki, hata hivyo, ina pande mbili. Aliyeugua au kufiwa asihesabiwe mtoro. Apewe siku nyingine za kufidia. Lakini kufidia siko kusamehewa. Huruma kwa mwanafunzi isilipwe kwa macho ya mgonjwa. Naye mwalimu adaiye mahudhurio hana budi kuwapo mwenyewe, tena awe na la kufundisha. Vinginevyo daftari lake ni karatasi tu.

Enyi wazazi wenye vijana vyuoni, wa udaktari au wa kazi nyingine yo yote, mmezoea kuwauliza wanapokuja likizo, "Umefaulu?" Twawasihi mwongeze swali la pili: "Na ulikuwapo?"