Wahaka wa Moyo na Dawa Yake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuiteremsha mvua na Mwenye kuizuia. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, katika Mfunguo Nane wa mwaka 1445 wa Hijra, watu wa Katesh katika wilaya ya Hanang walifikiwa na msiba wakati wa alfajiri. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu ya Mlima Hanang, ambao kimo chake chapita mita 3,400. Ubavu wa mlima ukameguka, ukateremka pamoja na maji na tope na mawe na magogo ya miti. Tope hilo likapita katika vijiji, Gendabi na vinginevyo, hata likaingia mjini, likajaa njiani na madukani na majumbani. Waliokufa walihesabiwa 89, na waliojeruhiwa walizidi 100. Maelfu ya watu wakaharibikiwa na nyumba au mashamba au mali.

Tope la ardhini liliondolewa kwa majembe na mitambo. Lakini liko tope jengine liingialo katika moyo wa aliyeokoka, nalo jembe haliliondoi. Mtu yu salama, na watoto wake wako salama, na jua lawaka. Lakini wingu likitanda juu ya mlima, moyo humwenda mbio, na mikono humtetemeka. Usiku husikia matone juu ya bati, usingizi ukamruka, akakaa kitako mpaka kuche. Chakula humkinai, na maneno ya watu humuudhi. Hali hii ndiyo iitwayo wahaka. Wala haikai kwa aliyeona peke yake. Aweza kuipata hata mtu wa milima ya Mbulu aliye jirani, ambaye tope halikumfika, bali khabari yake tu.

Mtu wa pwani asidhani kuwa jambo hili ni la watu wa bara. Katika vuli ile ile ya mwaka 2023 mafuriko yaliingia Mombasa, na Mto Tana ukafurika. Na usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na watu wengi mno wakafa maji. Mtu aliyeokoka katika kuzama, akawa hawezi tena kupanda chombo bila ya kutokwa na jasho, na mtu wa Katesh aliyesikia ngurumo akatetemeka, ni ndugu wawili, na maradhi yao ni mamoja.

Na wako watu, khasa wanaume, wamwambiao mtu wa namna hii kuwa khofu yake ni upungufu wa imani. Maneno haya si ya kweli, na tena yamzidishia mgonjwa mzigo. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiona wingu zito au upepo mkali, uso wake hubadilika, akawa akiingia na kutoka, akienda mbele na kurudi nyuma, na mvua inyeshapo ndipo akaondokewa na hali ile. Alipoulizwa, alikumbusha khabari ya kaumu ya Aad, walioliona wingu wakadhani ni mvua, kumbe ni adhabu. Basi ni nani aliye na imani kuliko Mtume? Nabii Musa naye, katika Sura Taha, ametajwa kuwa aliingiwa na khofu nafsini mwake alipoona kamba za wachawi. Nabii Yaqub alihuzunika hata macho yake yakawa meupe. Khofu kuingia moyoni si aibu wala si dhambi. Lililo juu ya mtu ni kuwa asiiache ikae, ikajenga, ikawa ndiyo bwana wa nyumba.

Na wanavyuoni wa Kiislamu waliitafutia dawa tangu zamani. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Khurasani aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, nao ni mwaka 934 wa Miladi, alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na kuwa kila mmoja humwambukiza mwenziwe: mwili ukiumwa nafsi hudhikika, na nafsi ikidhikika mwili haustarehe. Akasema pia neno lenye faida kubwa: kuwa kama vile mtu mwenye busara awekavyo dawa nyumbani angali mzima, asingoje mpaka augue, vivyo hivyo yampasa aweke akiba ya fikira njema na ada njema siku za utulivu, apate kuzikuta siku ya fazaa. Hilo ndilo shina la maneno haya yote. Utulivu ni akiba, na akiba haiwekwi siku ya njaa.

Dawa ya kwanza ni kuijua hakika. Baada ya msiba wa Hanang, wengine walidhani kuwa mlima umeripuka kwa moto, kwani asili yake ni mlima wa volkano uliozimika. Wataalamu wa miamba wakaenda wakatazama, wakabainisha kuwa haukuripuka. Bali mawe na udongo dhaifu wa ubavuni ulinywa maji mengi, ukalemewa, ukateremka. Al-Balkhi amepiga mfano wa bedui aliyeona ukungu kwa mara ya kwanza: kwa mbali aliudhania ukuta usiopitika, alipouingia akauona ni hewa yenye unyevu tu. Mtu wa Mbulu, ambaye ukungu humfunika asubuhi nyingi, aujua mfano huu kwa macho yake. Khofu nyingi ni ukungu. Ukiukaribia kwa elimu waupita. Kwa hiyo haifai mtu kukesha barazani akisikiliza uvumi wa kila mpitaji, kisha aende kulala nao.

Dawa ya pili ni kushika sababu. Si kila khofu ni ukungu. Nyengine ni mlima kweli. Mtume (s.a.w.) alimuamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Na Sayyidna Umar, alipokuwa akienda Sham akapata khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza vipi anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akamfahamisha kuwa anaikimbia kadari kwa kwendea kadari, akapiga mfano wa mchunga aliyeteremka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili mkavu, na popote atakapolisha ni kwa kadari. Basi ajengaye nyumba mbali na mkondo wa maji, na apandaye miti ubavuni mwa mlima badala ya kuikata, na akataaye kupanda chombo kilichojazwa kupita kiasi, hao ndio waliomfunga ngamia. Na mtu aliyekwisha kufanya lililo katika mkono wake, moyo wake hupata njia ya kutua. Asiyefanya kitu hubaki na khofu yake mzima mzima.

Dawa ya tatu ni kuuangalia mwili. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya sala ya Isha. Usingizi wa mapema ni ngao ya wahaka, na kukesha ndiko kuupaliliako. Kahawa ni kinywaji cha watu wema wengi, lakini inywewayo usiku huondoa usingizi na kuupigisha moyo mbio, na mwenye wahaka hudhani kuwa moyo wake wamwambia khabari mbaya, na kumbe ni buni tu. Ama mirungi, huyo ni adui aliyevaa nguo za rafiki. Mtu huitafuna apate kusahau dhiki. Akachangamka saa chache, kisha usingizi ukamkataa, na chakula kikamkataa, na asubuhi akaamka mzito, mwenye hasira na shaka, na pesa za unga wa watoto zimekwisha. Jioni arudi kuitafuna tena, apate kuponya jeraha alilojitia kwa meno yake mwenyewe. Wako wengi katika miji ya pwani waliomaliza ujana wao kwa dawa hii isiyo dawa. Na aikimbiliaye pombe, hali yake ni hiyo hiyo, na dhambi juu yake.

Badala ya hayo mtu na aende kwa miguu. Kila hatua ya kwendea msikitini ina thawabu, na juu ya thawabu huilegeza mishipa iliyokazana. Na ashike kazi ya mikono, jembe au nyavu au randa, kwani mkono ulioshughulika huushughulisha moyo. Na ale chakula kwa wakati wake hata kama hana hamu. Bibi Aisha alikuwa akiamrisha uji wa shayiri, uitwao talbina, upikiwe mgonjwa na mfiwa, na akihadithia kutoka kwa Mtume kuwa huustarehesha moyo wa mgonjwa na kupunguza huzuni. Nyumba iliyofiwa, wageni wakisha kuondoka, ndipo ihitajiapo sufuria ya uji na mtu wa kuikorogea.

Dawa ya nne ni dhikri na sala. Imetajwa katika Sura Raad kuwa nyoyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Lakini wengi husoma kwa haraka, kama mwenye kukimbizwa, kisha wakasema hawakuona athari. Kuisoma Qurani kwa taratili, na kusujudu kwa utuo, humfanya mtu avute pumzi polepole na kuitoa kwa urefu. Na matabibu wa zama hizi wamethibitisha kuwa pumzi ya namna hiyo hupunguza mbio za moyo. Basi mwenye kushikwa na fazaa usiku wa mvua na atie udhu, akae kitako, alete tasbihi moja moja bila ya pupa. Na aliyeizoea tasbihi siku za kiangazi, ulimi wake utaikuta yenyewe siku ya radi.

Dawa ya tano ni kutokaa peke yake. Mtume (s.a.w.) siku ya wahyi wa kwanza alirudi nyumbani akitetemeka, akataka afunikwe. Bibi Khadija hakumwambia kuwa mwanamume haogopi. Alimfunika, mpaka khofu ikamtoka. Kisha akamkumbusha wema wake mwenyewe, namna alivyokuwa akiunga udugu na kuwasaidia wanyonge, akampeleka kwa Waraqa, mtu mwenye elimu. Hii ni hikima nzima: stara kwanza, kisha maneno mazuri, kisha mwenye kujua. Na siku nyengine Mtume alimkuta Abu Umama amekaa msikitini si wakati wa sala. Akamuuliza kisa chake, naye akasema ni hamu na madeni. Mtume akamfundisha dua ya asubuhi na jioni, ya kujilinda kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, na ajizi na uvivu, na woga na ubakhili, na kuzidiwa na deni. Itazamwe kuwa Mtume ndiye aliyeanza kuuliza. Katika kila msikiti wa pwani hukaa mtu kama Abu Umama, ameegemea nguzo baada ya watu kutoka, na wengi humpita wakimpa salamu tu. Yampasa mwenziwe arudi, akae, amuulize.

Na khofu ikizidi hata mtu akashindwa kulala na kula na kufanya kazi kwa wiki nyingi, au akawa atamani kufa, basi hayo ni maradhi, na maradhi hupelekwa kwa tabibu. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Baada ya msiba wa Hanang, serikali ilipeleka maafisa wa ustawi wa jamii kukaa na walionusurika, kuwasikiliza na kuwanasihi, pamoja na matabibu wa viungo. Hapana aibu katika kwenda kwao. Aibu ni kumfungia mgonjwa chumbani, au kumtoza mganga pesa zake zote kwa hirizi na mbuzi mweusi, ikasemwa ana pepo, na kumbe ana huzuni.

Mlima Hanang ungali pale pale, na mvua zitarudi kila mwaka, kwani pasi na mvua hapana ngano ya Basotu wala kitunguu saumu cha Mbulu. Bahari nayo iko pale pale, na mtu wa pwani hana budi nayo. Hakuahidiwa mja kuwa hataogopa. Aliloahidiwa, katika Sura Inshirah, ni kuwa pamoja na uzito uko wepesi, na ahadi hiyo imekaririwa mara mbili.

Basi mwenye akili na aanze leo, hali mbingu i kweupe: alale mapema, aache mirungi, aende kwa miguu, asome kwa utuo, amuulize jirani yake hali. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa chini ya tope na chini ya maji, awatulize nyoyo waliobaki, na awape Waislamu afya ya miili na nafsi. Amin.