Andika DIR Yako Mwenyewe

Ifunge kwanza hiyo video ya saa nne inayokuahidi utaalamu wa programu. Leo usiku una kazi. Utaandika, kwa lugha ya C, programu ya kuorodhesha mafaili yaliyomo kwenye saraka, na utaiendesha kwenye DOS. Ndiyo, DOS, ule mfumo uliotoka na IBM PC mwaka 1981: skrini nyeusi, kimstari kinapepesa, basi. Usihangaike kutafuta kompyuta kuukuu. FreeDOS ni ya bure na inakaa ndani ya dirisha moja la kompyuta uliyo nayo, kupitia kiigaji cha QEMU. Kompaila ya Open Watcom nayo ni ya bure.

Utaniuliza: amri ya DIR ipo tayari, ya nini kuitengeneza tena? Seremala anayejifunza hutengeneza kigoda, na vigoda vimejaa sokoni. Anachotaka ni mkono wake uzijue mbao.

Hapa mbao utazigusa. Unaiomba DOS faili la kwanza kwa kazi namba 4Eh ya ukatizo 21h, kisha yanayofuata kwa 4Fh, mpaka ikuambie yamekwisha. Kitanzi kimoja tu. Kila mara inakujazia kisanduku cha baiti 43 chenye jina, ukubwa, sifa, saa na tarehe.

Tarehe ndiyo itakayokutoa jasho. Imebanwa kwenye biti 16: saba za mwaka, nne za mwezi, tano za siku. Mwaka unahesabiwa kuanzia 1980, kwa hiyo ukikuta 14 ujue ni 1994. Saa nayo ina biti 16: tano za saa, sita za dakika, na za sekunde zinabaki tano. Biti tano haziwezi kupita 31, na dakika ina sekunde 60! Waliounda mfumo wakazigawa sekunde kwa mbili, yakaisha. Ndiyo maana faili la DOS halijui sekunde ya 37. Ni 36 au 38. Hila hiyo utaielewa siku utakapozisukuma biti kulia mwenyewe, saa ikatoka sawasawa.

Utakosea, tena mapema. Huenda saraka ndogo zisionekane kabisa, ukadhani diski imekufa. Haijafa, hukuziomba. Ongeza 10h kwenye sifa unazotafuta, zitajitokeza. Mimi kosa hilo lilinila jioni nzima, na sijutii hata dakika moja.

Ukishaonja, songa mbele. Panga majina kwa alfabeti. Jumlisha ukubwa. Ingia saraka ndani ya saraka, programu ikijiita yenyewe. Ukiwa na moyo zaidi, isome diski moja kwa moja: kila faili lina rekodi ya baiti 32, na rekodi ya faili lililofutwa bado ipo pale, ila herufi ya kwanza ya jina imegeuzwa kuwa E5h. Ndiyo sababu UNDELETE, amri ya MS-DOS 5 ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ilikuwa ikimuuliza mtu herufi ya kwanza: kwenye rekodi ilikuwa imeshapotea.

Toleo la kwanza halihitaji hata mistari hamsini. Fungua kihariri sasa hivi, andika #include <dos.h>, na usilale kabla jina la faili la kwanza halijatokea.