Mshale Usiotikisika

"Mshale haujatoka katikati." Kwa maneno hayo dereva wa pikapu kuukuu huwatuliza abiria wanaouliza kama gari litatoka Kasongo na kufika Kabambare, huku mashariki mwa Kongo. Nao hutulia, wanapanda juu ya magunia ya mchele na madumu ya mawese, safari inaanza. Kauli hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko tope la njiani. Mshale wa geji ya joto kukaa katikati ni habari, sikatai. Lakini ni habari ya nini?

Katika njia ya maji ya injini kuna kihisi kidogo kilichozamishwa ndani ya maji yenyewe. Maji yakipata moto, kihisi huachia umeme zaidi na mshale hupanda. Basi, ndiyo kazi yake yote. Hakijui hali ya pampu, hakijui kama mkanda wa feni umelegea, hakijui kama rejeta imezibwa na mbegu za majani marefu yanayoota katikati ya barabara. Kinajua joto la kile kinachokigusa.

Tena kuna jambo ambalo madereva wengi hawakuambiwa. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, geji ilipangwa kwa makusudi mshale usimame katikati kuanzia nyuzi themanini na kitu hadi nyuzi mia na ushei, ili mwenye gari asihangaike na kila kupanda na kushuka. Kwa hiyo unapouona umeanza kusogea, joto limekwisha kusogea zamani. Watengenezaji walitaka kumpa dereva utulivu wa moyo, wakamnyima habari. Mimi nadhani walikosea, hasa kwa gari ambalo lingeishia kwenye njia kama zetu, linapanda kilima kwa gia ya kwanza, injini inalia, upepo wa mbele hakuna, mzigo umezidi.

Baya zaidi hutokea maji yanapokwisha. Nimeliona hilo kwenye njia hiyo hiyo, msimu wa mvua. Mpira wa chini wa rejeta ulipasuka, maji yakamwagika kwenye tope ambalo tayari lilikuwa maji, nani angetambua? Mshale ulipanda kidogo, kisha ukashuka. Dereva akafurahi, akakanyaga mafuta. Kihisi kilikuwa kimebaki hewani, hakiguswi tena na maji, na geji ikasoma ubaridi wakati chuma kilikuwa kinaungua. Aliyeokoa injini ni konvwayeri, kijana aliyekaa nyuma juu ya mizigo. Alisikia harufu ya mpira na rangi vikiungua, akapiga paa la kabini kwa kiganja, mara nyingi, kwa nguvu, mpaka gari likasimama.

Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa wa Marekani aliyeishi kati ya 1839 na 1914, alizichambua ishara kwa uangalifu mkubwa. Alitenga ishara zinazopata maana yake kwa kuunganishwa kweli na kitu chenyewe, kama kipande cha bati juu ya paa kinachogeuzwa na upepo na hivyo kuuonyesha upepo unakotoka. Mshale wa joto ni wa jamii hiyo. Maana yake haimo kwenye dashibodi, imo kwenye mguso wa maji na kihisi. Mguso ukikatika, mshale unaendelea kuonyesha, kwa sura ile ile ya kuaminika, lakini hausemi kitu tena. Hakuna alama yoyote kwenye kioo inayokwambia kwamba ushahidi umekatika. Unapaswa kuujua kutoka mahali pengine: kwa pua, kwa sikio, kwa kushuka na kuinama chini ya gari, kwa mtu aliyekaa mahali ambapo wewe hupaoni.

Kama ninavyopinga kuuamini mshale kijuujuu, napinga pia desturi ya kung'oa thamostati, vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto, ya nini kuzuia maji yasiende kwenye rejeta? Hoja inaonekana nzuri, lakini inachukulia kwamba joto ni adui. Injini ya dizeli inaishi kwa joto. Thamostati nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Chini ya hapo mafuta hayaungui vizuri na silinda zinalika haraka. Na kuna injini ambazo thamostati, inapofunguka, huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari ulilotaka kulipoza linachemsha. Kinachotafutwa ni kiasi, na kiasi hakipatikani kwa kuondoa kila kinachozuia.

Mfuniko wa rejeta nao ni kizuizi cha aina hiyo. Unayabana maji kama mfuniko mzito juu ya sufuria, na kwa mgandamizo huo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Springi yake ikichoka, yanachemka mapema. Ukiufungua wakati wa moto, mgandamizo unatoka wote usoni kwako.

Rudi basi kwa lile gari lililosimama. Injini imezimwa. Kijito kiko karibu, dumu liko mkononi, na abiria wameanza: tunachelewa, mwaga maji twende. Hapa ndipo injini nyingi hufia. Maji baridi yakiingia kwenye chuma chenye moto mkali, silinda hedi ya aluminiamu hupasuka au hupinda, kwa kuwa aluminiamu hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma cha bloku iliyofungwa nayo. Silinda hedi mpya mara nyingi huagizwa kutoka mbali, na reli ya Kindu hadi Kongolo iko ng'ambo ya mto Lualaba, haitakusaidia ukiwa njia ya Kabambare. Dereva anayajua haya. Lakini kujua kwake kunapimwa pale, mbele ya watu kumi wanaomlaumu. Mtu anayeiona hatari na asisimame, sijui tuseme ameona nini. Na hatuwezi kumtwika yeye peke yake mzigo huo, maana sisi tuliolipa nauli ndio tunaomsukuma.

Kwa hiyo nawaomba wasafiri wa Kasongo na Kabambare: kabla ya kubishana nauli asubuhi, muulizeni dereva kama ameangalia maji injini ikiwa baridi. Konvwayeri akipiga paa, msimnyamazishe. Gari likisimama kwa joto, shukeni, subirini nusu saa au zaidi mpaka mfuniko ushikike kwa mkono mtupu, ndipo maji yatiwe kidogo kidogo. Nanyi wenye magari, msimkate mshahara dereva aliyechelewa kwa sababu hiyo.